Namba ya Kwenye Pembe

Kasulu, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kiza,

Umekwenda Kabanga kumuaga shangazi yako, nami najua shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajala mara mbili, kwa hiyo ninao muda. Mambo ya njiani mama yako amekwisha kuyasema: blanketi, kiti cha dirishani kwenye treni, na wale watu wa stesheni wanaojitolea kukubebea mzigo. Sitayarudia. Nataka kukueleza jambo moja ambalo kwa miaka sita nimelifunika kwa uongo mdogo, ule kwamba niliacha ukarani kule Kibondo kwa ajili ya macho. Macho yangu ni mazima. Barua hii naiandika bila miwani.

Barua ya kazi yako inasema utakuwa ukitoboa kadi za majina ya watu kwa ajili ya kompyuta. Mashine hiyo sijaiona na sitajifanya naijua. Ulinieleza vizuri, Jumapili ile, kwamba kila tundu ni herufi au tarakimu, na kwamba mashine ikishazisoma kadi inaweka kila kitu kwenye utepe. Kisha ukasema, "Baba, kikishaingia mle hakipotei." Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kumtazama mbuzi. Mbuzi hakuwa na tatizo lolote. Nilitoka kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, karibu kwa maneno hayo hayo, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anatetemeka kwa homa. Akaniamini.

Mwaka wa sabini na mbili, watu walipovuka mpaka kutoka Burundi na vyungu kichwani na watoto mgongoni, nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa. Niliitwa kwenda kuandikisha watu katika kituo kimoja cha mapokezi upande wa Kibondo. Sababu zilikuwa mbili: mwandiko wangu unasomeka, na Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, hapahitajiki mkalimani. Nikaambiwa nichague mwenzangu. Nikamchagua Laurenti. Ndiyo, Laurenti huyu huyu, baba yako wa ubatizo, ambaye kesho atakuja stendi na ndizi mbivu za kukuaga. Tulisoma dawati moja tangu darasa la kwanza. Mimi sikuzaliwa na ndugu wa kiume. Nilikuwa naye.

Ofisi yetu ilikuwa paa la nyasi na mbao mbili juu ya mapipa. Utaratibu niliutunga mwenyewe na nilikuwa nauonea fahari. Kaya moja, ukurasa mmoja. Juu, kwenye pembe ya kulia, namba ya kaya. Chini yake mama, baba kama yupo, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kilima walikotoka, ambacho kwa Warundi ndicho kijiji, na alama yoyote ya mwilini. Chini kabisa, mstari wa kuonyesha wako wapi sasa. Mwenye kaya alipewa kijikaratasi chenye namba ile, akifunge kwenye pindo la kitenge au popote atakapo, asikipoteze.

Wewe unajua majina yetu yalivyo, lakini acha nilieleze hili polepole, maana ndipo kila kitu kilipovunjikia. Kwetu na kwa Warundi, baba hamwachii mtoto jina lake. Watoto sita wa tumbo moja wana majina sita yasiyofanana. Hapohapo, majina mengine ni ya kila nyumba: pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na anayewafuata ni Kiza. Wewe ni Kiza kwa ajili ya pacha wetu wawili ambao hukuwakuta. Kwa hiyo jina peke yake halikuambii mtu ni wa nani. Kinachokuambia ni ukurasa, yaani ameandikwa pamoja na nani. Ukiwa na majina yote na huna kurasa, una bakuli la shanga ambazo uzi wake umekatika. Shanga zote zipo, hata moja haijapotea. Lakini mkufu haupo tena.

Yule mama alifika na watoto wawili wa kiume wa miaka kama minne, mmoja kila mkono.

"Jina lako, mama?"

"Andika watoto kwanza."

"Utaratibu ni mama kwanza."

"Mimi naweza kufa hapa nilipokaa, karani. Andika watoto. Utaratibu utaukuta."

Laurenti akacheka. "Kaka," akaniambia, "huyu tumpe kituo akiongoze." Nami nikacheka, nikaandika watoto: Bukuru, Butoyi. Bukuru ana kovu la moto kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Kalamu ilisita kidogo kwenye majina hayo mawili, unajua kwa nini. Kaya ya 214.

Siku hiyo hiyo lori lilikuwa linapeleka wagonjwa hospitali, na ilikuwa lazima apande. Watoto wakabaki kwa bibi mmoja waliyetoka naye kilima kimoja, wa kaya ya 187. Mama akasimama mguu mmoja juu ya ngazi ya lori, dereva akipiga honi.

"Umeandika wako kwa nani?"

"Nimeandika. Wako kwa kaya ya 187."

"Na ukiugua wewe?"

"Daftari haliugui, mama. Kikishaandikwa hakipotei."

Akaingia. Alikaa hospitali miezi mingi, maana homa ilikuwa mwanzo tu, kifua ndicho kilichomweka kitandani.

Daftari huugua, Kiza. Nilianza kuliona hilo hata kabla ya mambo makubwa. Mvua za kwanza zilipoanza, paa lilivuja upande wa meza na kurasa tatu zikageuka maji ya buluu. Tuliziandika upya kwa kuwaita watu wenyewe, bahati nzuri walikuwa bado wapo. Mwezi uliofuata karani mdogo alisikia kwamba mtoto fulani aitwaye Bukuru amefariki, akachukua wembe akalikwangua jina taratibu, kazi safi kabisa. Aliyefariki alikuwa Bukuru mwingine. Nikamuuliza, hapa palikuwa pameandikwa nini? Hakukumbuka. Karatasi iliyokwanguliwa haisemi ilikuwa na nini. Tangu siku ile nikaweka amri kwamba hakuna wembe wala kifutio. Jina likibadilika, pitisha mstari mmoja juu yake, lile la zamani libaki linasomeka, andika tarehe na weka sahihi yako. Huko uendako sijui wanafutaje, lakini uliza siku ya kwanza kabisa: nikikosea, lile la zamani linabaki wapi? Wakikuambia halibaki popote, basi andika polepole sana.

Nikafanya na jambo la pili la busara, au nililoliona hivyo. Kila ukurasa tuliuandika na karatasi ya kaboni chini yake, na nakala zote nikazifungia kwenye sanduku la bati, ndani ya stoo iliyokuwa nyuma ya ofisi. Nilinunua kufuli nzuri. Wakaguzi walipokuja wakauliza kama kuna nakala, nilijibu, "Ipo, ndugu," nikawaonyesha sanduku. Waliligonga kwa kidole, likalia vizuri, wakaondoka wameridhika. Hakuna aliyesema lifunguliwe. Hata mimi.

Mwaka uliofuata tukajengewa ofisi ya matofali, na mkuu wa kituo akataka kadi. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kukagua, na madaftari yenye vidole vya matope hayakuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Kila mtu apate kadi yake, alisema, zipangwe kwa alfabeti kwenye makabati. Nikamweleza habari ya kurasa na shanga, kama nilivyokueleza wewe. Akasikiliza, akasema sawa, basi namba ya kaya iandikwe kwenye pembe ya kila kadi, na ile ya kaya walipo iandikwe kwenye pembe ya chini. Kwa namba hizo mbili ukurasa ungeweza kujengwa upya wakati wowote. Nilikubali kwa moyo mweupe. Hata leo naona lilikuwa wazo zuri.

Laurenti ndiye aliyepewa kunakili. Mimi ndiye niliyepewa kukagua. Aliniletea droo ya kwanza, nikakagua kadi moja moja dhidi ya daftari, hakuna kosa hata nukta. Droo ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nilikagua kadi za mbele. Ya nne aliniletea jioni, akaniambia, "Kaka, unanikagua kama mwizi. Tumetoka wapi mimi na wewe?" Niliona aibu. Nikaweka sahihi kwenye daftari la kazi kwamba droo ya nne imekaguliwa. Na ya tano. Na zote zilizofuata, mpaka ya ishirini na sita. Nilikuwa naweka sahihi huku tukizungumza habari za ubatizo wa mtoto wake.

Mgeni alikuja, akavuta droo, akasema vizuri sana, akaondoka. Watu wakaanza kupakiwa kwenye malori kwenda makazi ya kudumu, huku na huko.

Mama yule alirudi siku ya soko. Amekonda, amenyolewa, lakini anatembea. Aliingia ofisi mpya, akachuchumaa mlangoni kwa adabu, akafungua pindo la kitenge, akatoa kijikaratasi.

"Mwakeye, karani," akanisalimia kwa Kirundi. "Nimepona. Nipe wanangu."

Nilifurahi, Kiza. Nataka ujue hivyo, kwamba nilifurahi. Nikamwambia akae kwenye benchi, nikaenda kwenye droo ya nne, mojawapo ya zile za herufi B, kama mtu anayekwenda kuchuma matunda kwenye mti wake mwenyewe. Kadi za Bukuru zilikuwa zaidi ya thelathini. Nikatazama pembe ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Nikazipitia zote nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni nikazipitia tena. Majina yalikuwepo, tena kwa mwandiko wa Laurenti uliokuwa mzuri kuliko wangu. Namba hazikuwepo. Na pale ambapo kwenye daftari niliandika kovu, mtoto wa kambo, chanjo, kadi zilisema tu "hakuna maelezo". Nikavuta droo ya kwanza ile niliyoikagua: namba zote zipo. Ya pili, zipo. Ya tatu zilikoma katikati, kadi chache nyuma ya zile za mbele nilizozitazama.

Nikasema moyoni, hakuna neno, madaftari yapo. Nikaenda stoo. Rafu ya madaftari ilikuwa nyeupe, imepigwa chokaa.

Yule mama alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilimtuma mfagizi amnunulie karanga, nipate muda wa kufikiri. Akaleta karanga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Mama akaimimina kiganjani kidogo kidogo, akala. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nikaona mwandiko wangu. Kaya ya 98. Mama, watoto watano, kilima chao, mtoto wa tatu ana kidole kilichopinda. Alipomaliza alikunjua karatasi, akailainisha kwenye goti, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa sababu aliona ina maandishi, na maandishi yeye aliyaheshimu.

"Ni yako hii, karani?"

Nikasema ni yangu.

Nikakimbilia sanduku la bati. Kufuli ilifunguka vizuri. Sanduku lilikuwa limewekwa juu ya udongo, na mchwa walikuwa wameingia kwa chini, mahali bati lilipotoboka kwa kutu, pakubwa kama ncha ya kalamu. Ndani kulikuwa na vumbi la kahawia lenye umbo la madaftari. Nililigusa likaanguka. Kwa miezi kumi nilikuwa nikiwaambia wakaguzi "nakala ipo", na kwa miezi kumi nilikuwa nasema kweli kuhusu sanduku tu. Nakala usiyowahi kuifungua ukaisoma ni imani, Kiza, na tena ilikuwa chumba kimoja na asili yake. Moto ungekuja ungekula vyote kwa mlo mmoja. Mimi, mtu niliyesoma, niliwaza habari za wezi nikanunua kufuli. Mchwa hana haja na ufunguo.

Laurenti nilimkuta kwa kinyozi.

"Namba ziko wapi?"

"Namba gani, kaka?"

"Za kwenye pembe."

Kinyozi akainua mkasi, akasubiri.

"Ah, zile. Mgeni alitaka majina, akapewa majina. Nani anasoma pembe?"

"Uliacha kuziandika kuanzia wapi?"

Alinitazama kwenye kioo, hakugeuka. "Kuanzia pale ulipoacha kukagua."

"Na madaftari?"

"Mkuu alisema stoo isafishwe. Mwenye duka alikuwa anatafuta karatasi. Ulitaka niyale?"

Kinyozi akacheka, akauona uso wangu, akaacha.

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka sita. Siku ya kwanza nilidhani alinisaliti kwa uvivu. Baadaye nikaona ni zaidi ya uvivu. Alipima ni wapi upendo wangu kwake utalala usingizi, akasubiri ulale, kisha akafanya alichotaka. Mtu asiyekujua hawezi kukufanyia hivyo. Adui angeniibia daftari moja, ningeona pengo kwenye rafu siku hiyo hiyo. Rafiki aliniachia droo zilizojaa.

Tukaitwa mbele ya mkuu wa kituo. Laurenti alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwombea mwenzake msamaha. "Mimi ni mnakili tu," alisema. "Kaka ndiye mkaguzi. Sahihi zote ni za kaka." Hata pale aliniita kaka. Na sahihi zilikuwa zangu, ishirini na sita, hakuna hata moja ya kughushi. Nikaambiwa nirudi Kasulu. Yeye akabaki mwaka mwingine.

Jioni nilipokuwa nafunga mizigo alikuja, akakaa kwenye kizingiti. "Kaka, nyumbani tuseme ni macho," akasema. "Kiza asije akakudharau." Nikakubali. Hapo nami nikawa msaliti wako. Nimekaa nikimtazama akija Krismasi, ukimkimbilia, akikuuliza habari za masomo, na nimekula naye sahani moja kwa sababu nisingeweza kumfukuza bila kueleza. Jambo lililopotea kwa mama yule halikuniacha kimya. Jambo nililolificha kwako ndilo lililonifunga mdomo.

Sikumwambia mama yule siku ile. Nilimwambia arudi kesho. Kesho yake nikamweleza yote, namba, karanga, mchwa. Hakulia. Alisema tu, "Lakini nilikuona ukiandika." Akasema tena, "Karani, nilikuwa nimesimama pale, nikakuona ukiandika."

Nilinunua matairi mapya ya baiskeli. Unakumbuka likizo zile nilizokuwa nakwenda "kutibiwa macho"? Nilikuwa nazunguka makazi ya wakimbizi, moja baada ya jingine, nikiuliza habari za bibi wa kaya ya 187. Bibi alikuwa amefariki, na watu wake walitawanywa na malori. Kazi ambayo ukurasa mmoja ungeifanya kwa kupepesa jicho ilinichukua zaidi ya mwaka. Mwishowe, kwenye makazi ya mbali sana, nilielekezwa kwa mtoto aliyelelewa na yule bibi, nikamkuta anachunga kondoo wa watu.

"Unaitwa nani?"

"Butoyi."

Kila mtu wa kwetu akisikia jina hilo anauliza swali moja tu, nami nikauliza. "Bukuru yuko wapi?"

"Alipanda lori jingine."

Nilimleta nyuma ya baiskeli, siku mbili. Mama yake alitoka nje akamtazama, akamshika kichwa, akamnusa kama wanavyofanya kwa mtoto mchanga. Kisha akapita, akaenda kutazama nyuma ya baiskeli.

Wewe unamjua mama huyo. Ni Mama Bukuru wa sokoni, yule anayekupimia karanga kwenye jani la mgomba, ambaye ulipokuwa darasa la saba ulinirudia ukicheka kwamba ulimpelekea magazeti ya zamani ya kufungia akayakataa kama umempa nyoka. Nilikuambia ana mambo yake. Sasa unayajua.

Bukuru hajapatikana. Angekuwa na miaka kumi na moja sasa, kama mwenzake. Huenda amekwisha kupewa jina jingine. Huenda ameandikwa vizuri kabisa mahali fulani, kwenye kadi safi, na pembe yake haina kitu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Bukuru, nikamwambia binti yangu anakwenda Dar es Salaam, mahali majina ya watu yanapowekwa kwenye mashine, na nikamwomba kile kijikaratasi cha 214 nikinakili. Nilidhani angenipa. Hakukitoa mkononi. Alikishika kwa vidole viwili, akasema, "Nakili hapa, nikiona." Nikachuchumaa kando ya kapu la karanga, nikaandika namba, jina lake, kilima chao, majina ya watoto, kovu la kifundo cha kushoto, bibi wa kaya ya 187, na kwamba Butoyi yupo Kasulu kwa mama yake. Niliandika nakala mbili. Nilipomaliza, mama asiyejua a wala be akamwita Butoyi, ambaye yuko darasa la tatu.

"Zisome zote mbili," akamwambia. "Kwa sauti. Nami nisikie."

Butoyi akasoma ya kwanza. Kwenye ya pili nilikuwa nimeandika mguu wa kulia.

Mama hakunitazama. Alisema tu, "Kushoto," akasubiri nipitishe mstari na niandike upya. Jambo ambalo mimi, wakaguzi, mkuu wa kituo na Laurenti hatukulifanya kwa miezi kumi, yeye alilifanya kabla wino haujakauka. Nilikuwa nimefikiri nitakuandikia barua ya kukufundisha kutunza kumbukumbu. Mwalimu wako alikuwa sokoni siku zote.

Kesho Laurenti atakuja stendi. Mpokee kwa mikono miwili, ni baba yako wa ubatizo na siku ile alikushika vizuri, sitakuambia vinginevyo. Mimi sijamsamehe. Nimejaribu, nikaishia kwenye kumsalimia. Wewe utaamua lako, ila sikutaka uondoke ukidhani mikono yote inayokubariki ni safi sawasawa, pamoja na huu wangu. Huko kazini utapata rafiki, nakuombea umpate, na siku moja atakuambia unamkagua kama mwizi. Mpende. Kisha kagua droo ya nne.

Na ukikutana na namba kwenye pembe, iliyoandikwa na mtu usiyemjua, ambayo haikuambii kitu na inakupotezea muda, usiiruke. Iandike. Kuna mtu ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala moja ya karatasi ya Mama Bukuru, ile iliyorekebishwa. Ya kwanza, kile kijikaratasi chenyewe, anayo yeye. Ya pili ninayo mimi, ndani ya kasha lililotundikwa ukutani, mbali na udongo, na kila Jumamosi nitalifungua. Hiyo ya tatu iwe mbali nasi, isiungue nasi wala isilowe nasi. Ukiwaona watu wa kuandikisha makazi kule makao makuu, waonyeshe, lakini usiwaachie. Wainakili ukiona.

Ukifika, niandikie. Usiniambie kwamba umeipata na kwamba iko salama, hayo niliwahi kuyasema. Ikunjue, uitazame, na uniandikie maneno yake yote kama yalivyo, kuanzia namba ya kwenye pembe. Barua yako ikifika nitaipeleka sokoni, Butoyi ataisoma, na mama yake atasikiliza kama ni mguu wa kushoto.

Nasikia mlango wa uani. Umerudi.

Baba yako